Usonji: Kujifahamu, Kujikubali na Kuishi kwa Furaha



Mara nyingi ukurasa huu wa afya huzungumzia magonjwa kama malaria, kifua kikuu, kisukari na shinikizo la damu. Mwezi huu tunazungumzia jambo lisiloambukiza na lisiloondolewa kwa sindano wala vidonge, lakini linalogusa familia nyingi kuliko tunavyodhani. Jambo hilo ni usonji, ambao wengine huuita tawahudi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kadirio hilo, parokia yenye waumini 5,000 ingekuwa na watu wapatao 40 wa namna hiyo. Tujiulize: wako wapi? Baadhi yao wamefichwa nyumbani. Baadhi wanaitwa wakaidi, wenye kiburi au wagonjwa wa akili. Wengine wameketi nasi kanisani kila Jumapili, wala wao wenyewe hawajui kwa nini maisha yanawachosha hivyo.

Wazazi wanapofika hospitalini na mtoto mwenye usonji, swali lao la kwanza huwa: "Atapona lini?" Twalielewa swali hilo, maana linatoka katika upendo. Lakini kuna swali lingine ambalo huulizwa mara chache, nalo ndilo tunalotaka kulijibu leo: mtu mwenye usonji atawezaje kuishi kwa furaha na kujikubali jinsi alivyo?

USONJI NI NINI?

Usonji ni namna ubongo wa mtu ulivyojengeka na unavyofanya kazi. Mtu huzaliwa nao na huishi nao maisha yake yote. Kwa kawaida dalili huanza kuonekana katika miaka 3 ya kwanza. Nazo ni za namna tatu:

(a) Mawasiliano. Mtoto huchelewa kusema, au husema kwa kurudia maneno aliyoyasikia. Huenda asiitike anapoitwa jina, asitazame watu machoni, asionyeshe kitu kwa kidole. Mtu mzima huenda asielewe mafumbo, utani au maneno yanayosemwa kwa kuzunguka.

(b) Mambo yanayorudiwarudiwa. Hupanga vitu mstari, huzungusha vifuniko, hupepea mikono, hujitikisa. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku, na hufadhaika sana yakibadilika. Huweza kushikilia jambo moja, kama magari, namba au wanyama, akalijua kuliko mtu yeyote kijijini.

(c) Hisia. Kelele, mwanga mkali, harufu, nguo inayokwaruza au kuguswa ghafla huweza kumwumiza kweli. Wengine kinyume chake hawahisi sana baridi, njaa au maumivu.

Hakuna watu wawili wenye usonji wanaofanana. Mmoja hasemi hata neno akiwa mtu mzima, na huhitaji kusaidiwa kuoga na kula. Mwingine amemaliza chuo, ana kazi na familia, lakini tangu utoto hujiona kama mgeni miongoni mwa watu. Wengi wa kundi hili la pili, hasa wasichana, hawatambuliwi mapema kwa sababu hujifunza kuwaiga wenzao.

Usonji unatokana na nini? Kwa sehemu kubwa unatokana na urithi. Si laana, si uchawi, si mapepo. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana hakumtwika lawama yeye wala wazazi wake (Yn 9:1-3). Sisi nasi tusiwatwike.

Usonji hauletwi na malezi mabaya. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu kadhaa wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Fundisho hilo lilikuwa la uongo na limeachwa. Wala usonji hauletwi na chanjo. Makala ya Uingereza ya mwaka 1998 iliyoanzisha uvumi huo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji. Hivyo wapelekeni watoto wote wakachanjwe.

MTOTO WA KWANZA KUANDIKWA

Ili tuone jinsi furaha ya mtu mwenye usonji inavyojengwa, tutazame maisha ya Donald Triplett. Yeye ndiye mtoto wa kwanza katika orodha ya watoto 11 ambao daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliwaeleza katika makala yake ya mwaka 1943. Kwa makala hiyo madaktari wengi walianza kuujua usonji.

Donald alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa mtoto mdogo sana aliweza kukariri Zaburi ya 23 na maswali 25 ya katekisimu ya kanisa la wazazi wake pamoja na majibu yake. Lakini hakujali mama akiingia au baba akitoka. Alipenda kuzungusha vitu sakafuni, na alipozuiwa alilia kwa hasira. Mwaka 1937 wazazi walishauriwa wampeleke katika nyumba ya kutunzia watoto, mbali na kwao. Huko alinyamaza na kudhoofika moyo. Mwaka uliofuata wazazi walimrudisha nyumbani, ingawa mkubwa wa nyumba ile aliwashauri wamwache. Ndipo wakampeleka kwa daktari Kanner.

Sehemu inayotufundisha zaidi ni hii. Mwaka 1942 wazazi walimpeleka Donald kukaa na mume na mke waliokuwa wakulima, si mbali na kwao. Watu hao hawakuwa wamesomea usonji, maana hata makala ya daktari ilikuwa haijatoka. Walimwona kijana huyu anavyopenda kupima kila kitu, wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaeleza kimefika kina gani. Walimwona anavyohesabu mistari ya mahindi tena na tena, wakamwambia aihesabu huku akilima. Alipokuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa, walimpa kipande cha ardhi pawe makaburi yao, naye akaweka alama kwenye kila kaburi. Daktari Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alimkuta Donald akiongoza farasi na plau, akilima mistari mirefu na kugeuza farasi vizuri mwishoni mwa shamba. Alikuwa pia akisoma katika shule ya kijijini ambako walimpokea na mambo yake.

Baadaye Donald alimaliza chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wao kwa miaka mingi. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27. Alicheza gofu karibu kila siku, akasafiri nchi nyingi peke yake, na wazazi wake walipofariki aliendelea kuishi katika nyumba yao. Hakuacha kuwa na usonji. Hadi uzeeni hakuwa mtu wa mazungumzo marefu, na aliwapa watu namba badala ya majina ya utani. Waandishi wa habari walipofika mjini kumtafuta, majirani waliwaonya wasithubutu kumwumiza. Alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 89.

Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa na uwezo. Baba yake alikuwa mwanasheria, na ukoo wa mama yake ulikuwa na sehemu katika benki ile. Si kila mtu mwenye usonji atasoma chuo, wala hatuwapimi watu kwa vyeti. Lakini walichofanya wale wakulima wawili hakikuhitaji fedha. Walimtazama mtoto kwa makini, wakaona anapenda nini, wakalitafutia pendo hilo kazi. Jambo hilo linawezekana hapa kwetu, katika shamba lolote la mahindi.

KUJIFICHA KUNAVYOUMIZA

Watu wengi wenye usonji hulelewa kwa kinyume cha hayo. Kila siku huambiwa: "Acha kupepea mikono! Nitazame machoni! Kwa nini huwi kama wenzako?" Hatimaye hujifunza kujificha. Hujilazimisha kutazama watu, huzuia mikono yao, huiga vicheko, huandaa kichwani maneno ya kusema kabla ya kufika kwenye mkutano. Watu husema, "Siku hizi amepona." Kumbe anabeba mzigo wa maji kichwani tangu asubuhi mpaka jioni bila kuutua.

Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kujificha kwa muda mrefu huenda pamoja na uchovu mkubwa, wasiwasi, sonona na hata mawazo ya kujiua. Zimeonyesha pia kwamba wale wanaokubaliwa na watu wao, na wanaojikubali wenyewe, husumbuliwa kidogo zaidi na sonona. Kwa hiyo kujikubali ni suala la afya, sawa na chakula na usingizi.

NENO KWA KIJANA AU MTU MZIMA MWENYE USONJI

Wewe unayesoma haya na kujiona ndani yake, tunakuomba uzingatie mambo haya sita:

1. Jifahamu. Chukua daftari, na kwa mwezi mmoja andika kila jioni: leo nini kimenichosha? Nini kimenituliza? Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947 na aliyechelewa kusema hadi miaka mitatu na nusu, alijifahamu kwa njia hiyo ya kutazama. Akiwa msichana aliona shambani kwa shangazi yake jinsi ng'ombe walivyotulia walipobanwa kwa mbao pande zote mbili wakati wa kuchanjwa. Akajitengenezea kifaa cha kujibana mwenyewe, nacho kikamtuliza. Wapo waliomwona wa ajabu, lakini mwalimu wake wa sayansi alimtia moyo asome apate kujua sababu. Leo ni profesa wa elimu ya wanyama, na mazizi aliyoyabuni yamewapunguzia hofu ng'ombe wengi sana.

2. Usione aibu kwa kinachokutuliza bila kumdhuru mtu. Kujitikisa, kushika rozari au kijiwe mfukoni, kutembea huku na huko, kuvaa kofia kwa ajili ya mwanga, kuziba masikio kwa pamba sokoni au ndani ya daladala: hayo yote yanaruhusiwa.

3. Panga mapumziko kabla hujachoka. Baada ya harusi, msiba au mkutano, jiwekee saa moja au mbili za kukaa peke yako. Kupumzika hivyo si kuwachukia watu.

4. Sema unachohitaji kwa maneno mafupi. "Naomba uniandikie maelezo ya kazi." "Sipendi kukumbatiwa, nitakupa mkono." "Nikitazama chini bado ninakusikiliza." Wengi watakuelewa wakiambiwa.

5. Lipende pendo lako. Kama unapenda kutengeneza redio, kufuga kuku, kuchora ramani au kukumbuka tarehe, litafutie kazi au huduma. Mtu anayependa utaratibu ni hazina kwa stoo, maktaba, duka la dawa au sakristia.

6. Tafuta wachache. Furaha haihitaji marafiki hamsini. Rafiki mmoja anayependa unachopenda anatosha kuanzia. Na ukipata nafasi ya kukutana na wengine wenye usonji, usiiache. Wengi husema siku hiyo ndiyo walipoacha kujiona wa peke yao duniani.

Kujikubali hakumaanishi kwamba huna shida, wala kwamba huhitaji kujifunza. Utaendelea kujifunza kupika, kutunza fedha, kusafiri na kuomba msamaha unapokosea, kama watu wote. Ila utajifunza ukiwa wewe, bila kujichukia.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wengi hulia wanapoambiwa habari hii. Lieni, maana machozi si dhambi. Lakini mtoto asikae miaka yote akiwaona mnamlilia. Mwaka 1993 Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaandikia wazazi kwamba huzuni yao ni ya mtoto waliyemtarajia, na akawaomba wamtazame mtoto aliyeko mbele yao, anayewahitaji. Ni ushauri mzuri kwetu pia.

Mwambieni mtoto ukweli mapema, kwa lugha ya umri wake. Asiyeambiwa hujitungia jibu mwenyewe, na mara nyingi jibu hilo huwa: "Mimi ni mbaya." Mnaweza kusema hivi: "Ubongo wako unafanya kazi kwa namna yake. Inaitwa usonji. Ndiyo sababu kelele inakuumiza, na ndiyo sababu unakumbuka mambo tunayosahau sisi. Hujakosa kitu mbele ya Mungu, nasi tutakusaidia mahali palipo pagumu." Semeni mkiwa mmetulia, wala si siku ambayo amekosea au wageni wamejaa.

Na yule asiyesema? Naye ana furaha yake. Jifunzeni lugha yake: anavyovuta mkono, anavyolia, anavyotabasamu. Chora picha za chakula, choo, maji na kitanda kwenye vipande vya boksi, umfundishe kuonyesha anachotaka. Kutumia picha hakuzuii kusema. Kwa wengine husaidia. Mwambieni kila siku ratiba itakayofuata. Anapolia kwa kuzidiwa na kelele au mabadiliko, mpelekeni mahali pa utulivu, punguzeni maneno, msubirini. Fimbo wakati huo humwongezea hofu tu.

Jihadharini na wanaouza tiba. Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Chale, minyororo, kumfungia ndani na kumnyima chakula kwa jina la maombi ni mateso. Vipo hata vinywaji vinavyouzwa kama tiba ambavyo kumbe ni kemikali za kung'arishia nguo, navyo huunguza utumbo. Kinachosaidia ni mafunzo ya mawasiliano na ya kujitegemea, subira, na shule inayomfaa. Ulizeni ofisi ya elimu ya wilaya kuhusu shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Wapo walimu waliosomea kazi hiyo, kwa mfano katika Chuo cha Patandi, Arusha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kuwabagua, nayo ofisi ya ustawi wa jamii ipo kwa ajili yenu.

NENO KWA PAROKIA NA JUMUIYA

Familia nyingi zimeacha kuja Misa kwa sababu ya macho ya watu. Mtoto akipiga kelele, shingo zote hugeuka. Tufanye mambo madogo: tuwaachie nafasi karibu na mlango, mbali na spika, tusiwashike kwa nguvu wakati wa kutakiana amani, tumwonyeshe mtoto kanisa siku ya kawaida kukiwa kimya, ili Jumapili asiogope. Wazee wa kanisa wawaeleze waumini, na mtu akikosa kusalimia vizuri tusimhukumu kuwa ana dharau.

Kuhusu Sakramenti, Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 unafundisha kwamba watu wenye ulemavu wanaitwa kwenye utimilifu wa maisha ya Sakramenti, hata wenye hali nzito. Hivyo mzazi asikate tamaa. Azungumze na paroko na katekista, watafute njia ya kumwandaa kwa picha, kwa vitendo na kwa mafundisho mafupi. Marehemu Papa Fransisko alikutana na watu wenye usonji na familia zao huko Vatikani mwaka 2014 na tena mwaka 2022, akahimiza Kanisa na jamii kuvunja upweke na unyanyapaa wanaoupata.

LINI MFIKE HOSPITALINI?

Usonji wenyewe si ugonjwa wa kulazwa, lakini fikeni mapema kwenye kituo cha afya iwapo:

- mtoto wa mwaka 1 na zaidi haitiki jina, haonyeshi kwa kidole, au ameacha maneno aliyokuwa nayo. Apimwe na masikio pia;
- anaanguka kifafa au anaduwaa ghafla. Kifafa huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na dawa zake zipo. Msizikatishe bila ushauri;
- tabia imebadilika ghafla, anajipiga au hataki kula. Asiyesema huenda ana jino bovu, sikio, choo kigumu au tumbo linalouma;
- halali usiku kwa wiki nyingi;
- kijana au mtu mzima amekata tamaa, amejitenga kuliko kawaida, au anasema afadhali afe. Hilo ni la dharura. Msimwache peke yake, ondoeni dawa na sumu za shambani karibu naye, mleteni siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu kuna familia yenye mtoto au mtu mzima asiyeonekana? Nani atawatembelea, na lini?
2. Ni maneno gani tunayatumia kwa watu wenye usonji ambayo yafaa tuyaache?
3. Wale wakulima walimpa Donald kazi iliyolingana na pendo lake. Sisi tunamjua nani, anapenda nini, na tunaweza kumpa kazi au huduma gani?
4. Katika Misa yetu ya Jumapili, ni jambo gani moja tunaweza kubadilisha mwezi huu?

Wapendwa, tunapowaona watu wenye usonji wakicheka na kutulia, mara nyingi nyuma yao yupo mtu aliyewakubali kwanza, kabla hawajajikubali wenyewe. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Mwenyezi Mungu awabariki nyote, na Mama Bikira Maria aziombee familia zetu.